Amekuandikia wapi?

Mama mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa vikundi, na kaka zangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango, Bwana asifiwe. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum.

Niliombwa nije kuzungumza juu ya mikopo. Nimemwomba mama mwenyekiti anikubalie nizungumzie karatasi moja tu, naye amenikubalia. Karatasi yenyewe hii hapa. Hiyo alama ya kahawia mnayoiona kwa nyuma ni gundi iliyochanganyika na kutu ya geti langu, pale Pasua, hapa Moshi. Ilibandikwa jioni ya Alhamisi, tarehe 5 Desemba 2024, mimi nikiwa bado sokoni Kiboriloni nafunga mitumba yangu. Ina jina langu na la mume wangu, namba ya kiwanja, na maandishi makubwa: MNADA WA HADHARA, tarehe 19 Desemba, saa nne asubuhi.

Siku hiyo sikuwa nadaiwa hata shilingi moja ya nyuma. Nilikuwa nimeshalipa. Risiti ilikuwa kabatini, chini ya vitenge, na nyumba ilikuwa inauzwa.

Niwaeleze tulivyofika huko. Mkopo wangu ulikuwa shilingi milioni 38, dhamana ni hati ya nyumba ile, rejesho ni 1,340,000 kila tarehe 28. Nililipa vizuri mwaka mzima na zaidi. Juni ile mume wangu akaugua, akalazwa KCMC wiki saba. Hela ya belo ikawa hela ya dawa, na hela ya rejesho ikawa nauli na chakula cha mgonjwa. Rejesho la Juni likapita, la Julai likapita, la Agosti nalo. Tarehe 20 Septemba nikaletewa ilani ya siku 60. Ile ilikuwa halali. Nilikuwa nadaiwa kweli, sina la kuwalaumu, na niliisaini mwenyewe kwa mkono wangu.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wetu tunaogopa ilani bila kuisoma. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 127, inamtaka mkopeshaji akuandikie kwanza kabla hajagusa nyumba: akuambie umekosea nini, ni kiasi gani, na kwamba una siku 60 tangu siku uliyoipokea. Siku ya kuipokea, si siku waliyoichapa. Kwa hiyo ukipokea, andika tarehe juu yake hapo hapo mbele ya aliyeileta. Mimi niliandika. Ile tarehe niliyoiandika kwa kalamu ya mwanangu ya shule ndiyo iliyokuja kuniokoa baadaye.

Ndani ya siku hizo tulihangaika. Pikipiki ya mzee tuliuza. Shemeji yangu alitoa. Kikundi changu kilinikopesha, na wengine waliochanga mko humu ndani, aikambe, asanteni sana. Rejesho la Septemba nikalipa, la Oktoba nikalipa, na tarehe 31 Oktoba nikaenda benki na 4,207,000: marejesho matatu ya nyuma na adhabu yake. Hesabuni kutoka tarehe 20 Septemba. Ni siku ya 41. Zilikuwa zimebaki 19.

Kijana wa dirishani akagonga muhuri, nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyetuliwa furushi la kuni kichwani. Nikapita sokoni nikanunua samaki. Nilidhani yameisha.

Sasa, kosa lilitokea wapi? Mimi nilikuja kulijua baadaye kwa kuuliza na kuuliza. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unaingia kwenye mikopo chechefu. Rejesho langu la Juni lilitimiza siku hizo tarehe 26 Septemba, siku mbili kabla sijalipa la Septemba. Siku mbili, mama zangu. Kwa benki yangu, mkopo ukifika hapo faili linatoka kwa afisa mikopo wa tawi, yule unayemfahamu na aliyewahi kuja kuona biashara yako, linakwenda idara ya kukusanya madeni huko makao makuu, Dar es Salaam. Idara ile ikachukua hesabu za tarehe 30 Septemba, ikaandaa maagizo, ikayatuma kwa kampuni ya udalali. Mimi hela yangu nililipa tawini. Tawi lilijua. Kompyuta ilijua. Lakini yule aliyeshika karatasi ya maagizo hakuwa akitazama kompyuta hiyo, na hakuna aliyenyanyua simu kumwambia simama.

Na ushahidi wa kosa ulikuwa kwenye tangazo lenyewe! Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "deni hadi tarehe 30 Septemba 2024". Tangazo la Desemba limebeba deni la Septemba. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, kabla hujalia, itafute tarehe ya deni, uilinganishe na tarehe ya risiti yako.

Lakini mimi sikuitafuta. Mimi niliona aibu.

Nataka niliseme hili polepole. Nilipofika getini majirani wawili walikuwa wamesimama wanasoma. Waliponiona wakasema "pole mama" wakaondoka upesi. Niliibandua ile karatasi kwa kisu cha jikoni, nikaiviringisha, nikaitia mkobani. Mume wangu sikumwambia, alikuwa bado anatembelea fimbo. Ijumaa nikaenda sokoni, nikauza, nikacheka na wateja, karatasi imo mkobani. Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili nikaimba kwaya nayo ikiwa kwenye mkoba chini ya benchi. Jumatatu ilikuwa tarehe 9, sikukuu ya Uhuru, ofisi zote zimefungwa. Na ninyi mnajua Desemba yetu ilivyo: watu wanaanza kupanda kutoka Dar, Mwanza, kila mahali, kila mtu anakuja nyumbani Krismasi, magari yanajaa. Nilikuwa nawaza tu, mawifi watakuja, watanikuta wapi?

Siku 14 ndizo Sheria ya Madalali inazotaka zipite tangu mnada wa ardhi utangazwe hadharani. Mimi nikazitupa tano kwa aibu. Aibu ya deni nililokwisha kulipa! Kama ningekuwa mwizi nisingejificha zaidi ya vile.

Jumanne tarehe 10 ndipo nikaenda tawini. Afisa mikopo akafungua kompyuta yake, akatazama, akacheka kwa upole: "Mama, mbona huna deni la nyuma? Hawa wamekosea. Usijali, nitawapigia." Ni kijana mzuri, ana adabu, na naamini alikuwa na nia ya kupiga. Nikamshukuru nikaondoka. Sokoni nikakutana na mama mmoja mjane, mkazi wa Njoro, mteja wangu wa makoti. Alinitazama usoni tu akajua. Nikamweleza yote, nikamalizia, "Lakini yameisha, afisa ameniambia nisijali."

Akaniuliza, "Amekuandikia wapi?"

Nikamwambia hajaandika, atawapigia. Akaweka koti chini. Kumbe yeye, miaka iliyopita, aliambiwa vivyo hivyo kwa simu: usijali mama, tunashughulikia. Akapanda Kibosho kwenye msiba. Aliporudi alikuta mtu anabadilisha kitasa cha mlango wake, ana karatasi zote mkononi, amenunua mnadani. Na mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, bila kujua kosa lililomo, sheria inamlinda. Wewe unabaki na haki ya kudai fidia kwa aliyekosea. Fidia inakuja baada ya kesi, kesi ina miaka yake, na wewe umepanga chumba kimoja na watoto. Yule mama mpaka leo anapita njia nyingine asiione ile nyumba.

Usiku ule nilimwambia mume wangu. Hakunifokea. Alisema, "Leta daftari."

Tuliandika barua, na nitawasomea sehemu, kwa sababu watu wakisikia "barua ya kisheria" wanadhani ni maneno magumu. Ni hii: "Nimepokea tangazo la mnada lililobandikwa tarehe 5 Desemba. Malimbikizo yaliyotajwa kwenye ilani yenu, niliyoipokea tarehe 20 Septemba, niliyalipa yote pamoja na adhabu tarehe 31 Oktoba, siku ya 41 kati ya siku 60. Rejesho la Novemba nimelipa tarehe 28. Tangazo linataja deni la tarehe 30 Septemba, yaani kabla ya malipo hayo. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba sina malimbikizo, muondoe maagizo mliyompa dalali, na mnipe nakala ya barua mtakayomwandikia. Naomba jibu kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 13 Desemba."

Basi. Hakuna tusi humo, hakuna "nimeonewa", wala habari za ugonjwa wa mume wangu, ingawa nilitamani sana kuziandika. Anayesoma barua makao makuu anatafuta tarehe na kiasi. Mpe tarehe na kiasi.

Jumatano asubuhi nikaenda kuchukua taarifa ya akaunti, ya akaunti yangu ya kawaida na ya mkopo pia. Wengi tunaomba moja tu. Hela yangu ya tarehe 31 Oktoba iliingia kwanza akaunti ya kawaida, kisha ikakatwa kwenda kwenye mkopo tarehe 1 Novemba, kwa mafungu mawili. Kama ningekuwa na taarifa moja, mtu wa Dar angeweza kusema sioni malipo hapa. Nikaambatanisha zote, na risiti, na ile ilani yenye tarehe ya kalamu ya shule, na picha ya tangazo. Na risiti nilitoa kivuli, halisi haikutoka kwangu. Wale mnaolipa kwa wakala au kwa simu, ujumbe wa simu peke yake hautoshi, hufutika na simu huibiwa. Nendeni mkachapishe.

Barua nilitoa nakala tano. Ya tawi nilimpa katibu wa meneja, na hapa ndipo palipokuwa na mvutano kidogo, maana alisema "weka hapo mama, ataiona". Nikamwomba kwa heshima anigongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, aandike jina, tarehe na saa. Akasema hawana utaratibu huo. Nikakaa kwenye kiti. Sikugomba, nilikaa tu. Saa sita kasoro alinigongea. Nakala nyingine ikaenda makao makuu kwa barua pepe na kwa basi, nyingine ofisi ya mtaa, maana mwenyekiti wa mtaa ndiye watakayemfuata kwanza watakapokuja kuuza. Nyingine nikaiandaa kwa ajili ya Benki Kuu, wana tawi Arusha na wana dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki. Wao wanataka uwe umeanza kulalamika kwenye benki yako kwanza, kwa hiyo ule muhuri wa katibu ndio tiketi yako.

Ya tano niliipeleka kwa dalali mwenyewe, Alhamisi. Nilimwogopa sana yule mtu kabla sijamwona. Akaisoma yote, akanirudishia kivuli cha risiti yangu kwa mikono miwili, akasema: "Mama, mimi natumwa. Anitoe aliyenituma." Na alisema kweli. Dalali hawezi kusimamisha mnada kwa sababu wewe umelia ofisini kwake, wala kwa sababu umempa chochote. Kuna vijana wanazunguka nje ya ofisi hizo, watakuambia wanajuana na dalali, lete laki mbili wakuongezee wiki. Msiwape. Kitakachomsimamisha ni barua ya benki kumwondolea maagizo, au amri ya zuio.

Ijumaa saa kumi ikafika. Kimya.

Hapo nilikwenda kwa wakili. Zuio linaombwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea thamani na aina ya dai lako, na hilo mwachie mwanasheria aamue. Wasio na uwezo, hapa Moshi shirika la KWIECO limewasaidia wanawake kisheria miaka mingi, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi. Waulizeni ofisi ya kata. Wakili wangu alitazama bahasha yangu kwa dakika kumi akasema kazi nyingi nimeshaifanya. Akaniuliza swali moja ambalo sikulitarajia: mume alisaini kuridhia nyumba iwekwe rehani? Nikasema alisaini. Alikuwa anaangalia kifungu cha 114, kwamba nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenzi kuridhia. Kwangu halikuwa na kazi. Ila kuna mama humu ndani, najua, ambaye mume wake aliweka hati benki yeye asijue. Mama yangu, swali hilo ni lako.

Jumatatu tarehe 16, karatasi za mahakama zinachapwa, saa tisa mchana simu ikaita. Ni tawini. Nikafuate barua. Ilikuwa aya mbili: mkopo hauna malimbikizo, kampuni ya udalali imeagizwa isitishe. Nilimuuliza afisa, nakala ya maagizo ya kusitisha iko wapi? Akarudi ndani akanitolea. Jumanne nikaipeleka kwa dalali mwenyewe, nikagongewa muhuri, na kijana wake akaja kubandua tangazo lililobaki ofisi ya mtaa.

Mnadhani tarehe 19 nilikwenda sokoni? Nilikaa getini tangu saa moja, kwenye kigoda, nakala zangu kwenye bahasha ya plastiki. Saa tatu na nusu wakaja wanaume watatu na gari. Mmoja ana futi ya kupimia. Hawakuwa wabaya, waliona tangazo mtaani wiki ile ya kwanza, wana hela zao wanatafuta nyumba. Mwanangu mdogo alikuwa ameshaanza kuwafungulia geti. Nikawaonyesha barua. Yule mwenye futi akaisoma kwa sauti, akaikunja ile futi yake, akasema, "Samahani mama, hongera." Wakaondoka. Nilikaa pale mpaka saa nane.

Januari nikachukua taarifa ya akaunti tena. Nikakuta wamekata 850,000, "gharama za udalali". Gharama za mnada uliotokana na kosa lao! Nikaandika barua nyingine, na nakala hii nikaituma kweli Benki Kuu. Hela zile zilirudi mwezi Machi. Niliomba pia wanithibitishie kwamba taarifa zangu zimerekebishwa kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, kwa sababu jina likichafuka kule, benki nyingine zote zinakuona hufai, hata mkopo wa kununua cherehani hupati. Hili wengi hawalikumbuki. Nyumba ikipona wanafurahi, wanasahau jina.

Nisije nikawadanganya. Hii si dawa ya mtu anayedaiwa kweli. Kama umelipa marejesho mawili kati ya matatu, hujakosewa, bado unadaiwa, na barua yako iwe ya kuomba mpango mpya, mapema, kabla ya zile siku 60 kuisha. Na hata ikifika kuuzwa, una haki: kifungu cha 133 kinamtaka mkopeshaji auze kwa bei bora inayopatikana, na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya nyumba zinazofanana nayo kwa asilimia 25 au zaidi, itachukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Na wewe uliyekosewa, wakati unagombana nao, usiache kulipa rejesho la mwezi. Nimeona mtu amesusa kulipa kwa hasira, akawapa sababu halali ya kumuuzia. Mimi rejesho la Desemba nililipa tarehe 27, siku moja kabla, na niliomba muhuri.

Kihamba chetu, lile shamba la ukoo kule juu mlimani, hakina hati, hakiuziki, babu amezikwa pale. Ndiyo maana tunajifariji kwamba hatuwezi kukosa pa kwenda. Lakini nyumba ya mjini ndiyo tuliyoijenga wenyewe, tofali moja moja, mimi na mgonjwa wangu, kwa hela ya makoti na suruali za Kiboriloni. Sikutaka kupanda mlimani kwa sababu mtu mmoja Dar hakunyanyua simu.

Nimekuja na vivuli vya ile barua, nimeacha nafasi wazi za majina na tarehe. Viko meza ya mlangoni, na binti yangu yuko pale na kalamu na daftari. Chai inakuja, lakini mwenye notisi mkobani aje kwangu kabla ya chai. Kuna mama amenishika mkono wakati naingia akaninong'oneza kwamba yake ina siku sita. Mama, usione haya, mimi yangu ilikaa chini ya benchi la kwaya. Njoo tukae hapa mbele, tuanze na yako.